Kabini ya Familia

Nyinyi munaocheka kwamba Papa Lambert anakubali camion ya matope, siku na siku barabarani, kuliko kukanyaga masuwa, ile meli ya muto, leo mukae chini niwaambie. Mimi ni bibi yake, Philomène. Nimeishi naye tangu kinywa changu kina meno yote, na nimechoka kusikia mukisema anaogopa maji. Maji! Maji yamemufanya nini? Alipanda masuwa safari moja tu, kwenda Léopoldville na kurudi, na kinachomukimbiza mpaka leo ni haya.

Bwana yangu alizaliwa upande wa Bafwasende, ndani ya musitu, katika familia iliyotoka Maniema zamani. Alifika hapa Stanleyville, Stan yetu, juu ya camion. Mambo ya muto hakuyajua. Akitaka kuvuka kwenda Lubunga, alikuwa anaingia pirogue amefunga macho na kushika shati ya mupiga kafi mpaka vifungo vinatoka. Mimi ni mutoto wa muto, wa Yanonge. Tulipooana nilikuwa nauza samaki wa kukausha, naye alikuwa karani katika ghala la pamba. Karani muzuri, sikatai. Lakini kichwa! Ee, kile kichwa kilivimba siku wazungu walipomupa kadi.

Ile kadi walikuwa wanamupa mutu mweusi aliyesoma, mwenye bibi mumoja, anayekula kwa uma. Kabla ya kuitoa walikuja kwetu, cité ya Belge, mutaa wetu sisi weusi, wakainua mashuka, wakafungua sufuria, wakachungulia mpaka choo. Asubuhi ile Lambert aligawa samaki zangu zote kwa majirani ili nyumba isinuke. Kadi ikatoka, na watu wa Belge wakamupa jina la Lingala, mundele-ndombe, muzungu mweusi. Mwenzenu alifikiri wanamusifu. Alikuwa anaitika!

Watoto wetu ni wawili. Désiré, seremala, kijana mwenye ndevu zinazomufika kifuani. Na Georgette, aliyejifunza kushona kwa masista. Georgette alipendana na Sébastien, kijana wa posta, mwenye heshima sana, ambaye baadaye walimuhamisha Léopoldville. Mwaka wa hamsini na sita, Sébastien akamutuma tonton yake, baba yake mudogo, Nicolas, aje kumuomba binti. Tonton Nicolas alikuwa mutu munene wa viatu vinavyong'aa. Alikaa kwetu, Lambert mbele yake amevaa suti na kravati na kofia, ndani ya nyumba, mutu na kofia yake! Nicolas akala, akanywa, akapangusa mudomo, akasema:

"Bon. Binti iko muzuri, hatuna neno. Lakini kwetu Léo, watu wa barge tunawajua kwa harufu tu. Mumulete vizuri."

Barge ni lile sanduku kubwa la chuma linalofungwa kwenye masuwa. Watu wanalala mule juu ya mizigo, pamoja na mbuzi na mapipa ya mawese. Kabini ni vyumba vya juu, vya wazungu na wenye pesa. Mimi nimezaliwa karibu ya barge na sioni kasoro. Lakini Lambert alisimama, kofia ikagonga taa.

"Tonton," akasema, "binti yangu atashuka kwa ngazi ya kabini. Ukiona anashuka kwa ingine, umurudishe."

Umurudishe! Neno la namna gani hilo kwa baba wa binti? Georgette alikuwa nyuma ya pazia, alisikia. Tangu siku ile mutoto hakulala vizuri. Alikuwa ananiuliza kila mara, "Mama, na kama kabini zimejaa?" Alimupenda Sébastien mpaka anakonda, na sasa ndoa yake yote ilikuwa imetundikwa kwenye ngazi.

Ofisi ya masuwa ilikuwa na madirisha mawili. Dirisha la barge alikaa Évariste, ndugu wa mama yangu, anayejua Swahili na Lingala na matusi ya zote mbili. Dirisha la kabini alikaa muzungu. Nikamwambia Lambert, tupite kwanza kwa Évariste, atuambie hizo kabini zimekaa namna gani, watu wanalala wapi.

"Philomène," akanijibu, "mimi mutu wa kadi. Naenda kuuliza vyumba vya kulala kwa dirisha la mbuzi?"

Basi tukaenda kwa muzungu. Nilisimama nyuma yake nimeshika mufuko. Français, kizungu chao, sikujua, lakini masikio ninayo. Muzungu alimwita monsieur, nikaona shingo ya bwana yangu inarefuka. Akamuuliza jambo, mule ndani nikasikia madame, ndiye mimi, nikasikia enfants, ndio watoto. Lambert akajibu, "Deux, monsieur. Deux enfants." Muzungu akaandika, akasema, "Alors, une cabine familiale." Lambert akayarudia maneno hayo pole pole, kama mutu anayeonja mchuzi. Hakuuliza lingine. Mutu wa kadi angeulizaje tena? Angeonekana hajui.

Tulipofika nyumbani, cité yote ilijua. Kabini ya familia! Lambert aliipanga mwenyewe kichwani na kuwaeleza watu pale uani: chumba chetu sisi wawili, chumba cha Georgette, chumba cha Désiré, na katikati salon.

"Salon pia?" akauliza Aziza, jirani yetu.

"Aziza, familia bila salon iko familia gani?"

Na mimi, mutoto wa muto, nilimuamini. Masuwa nilikuwa nazijua kwa chini tu, upande wa samaki. Huko juu sikuwahi kufika.

Siku ya safari, watu wa Belge walitusindikiza mpaka beach, pale masuwa zinapofunga, mizigo vichwani, wanaimba. Lambert alivaa suti ya kijivu. Georgette alivaa viatu vipya, anatembea kwa uangalifu kama anakanyaga mayai. Kwenye ngazi ya kabini alisimama kontroleri, muzungu mufupi wa shingo nyekundu. Akapokea tikiti, akasoma, akatutazama. Akauliza: "Et les enfants?"

"Voilà," Lambert akasema, akanyoosha mukono.

Kontroleri akatazama nyuma ya Désiré. Akatazama nyuma ya Georgette. Akainama, nawaapia, akachungulia chini ya muzigo. Kisha akauliza tena, watoto wako wapi? Désiré, masikini, akainua mukono wake na ndevu zake zote.

Ndipo mambo yalipojulikana. Kwa sisi mutoto ni mutoto. Hata awe na mvi, mbele ya baba yake ni mutoto tu. Mutu akikuuliza uko na watoto ngapi, hauanzi kupima ndevu. Lakini kwa muzungu wa dirishani, enfant anayesafiri ni yule bado anayebebwa. Basi alikuwa ametukatia wakubwa wawili na watoto wadogo wawili. Kontroleri akatuonyesha ile kabini ya familia, akafungua mulango wazi kabisa ili na watu walio chini waone. Chumba kimoja. Vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, na ukutani vitanda viwili vidogo vyenye fito pembeni, mutoto asianguke. Kimoja kilichorwa bata.

Mawe, mama yangu! Beach yote ilicheka. Wapagazi walicheka, masista walicheka, hata Évariste alitoka ofisini kwake akacheka. Kontroleri hakucheka. Alimuomba Lambert kadi, akaigeuza huku na huku, akasema neno moja ambalo Désiré alinitafsiria baadaye: mwizi. Alifikiri tumewaita watu wazima watoto wadogo ili tumuibie kampuni safari.

Lambert alifungua mudomo, na ile Français yake yote, ya miaka yote, haikutoka. Ilimukimbia. Alichoweza kusema kilikuwa Swahili, tena Swahili ya Bafwasende, ya kwa mama yake.

"Bwana," akasema, "hawa ni watoto yangu. Kweli, ni watoto."

Kontroleri akampungia mukono kama mutu anayefukuza kuku. Kabini zingine zimejaa, akasema. Wanawake wapande kwa zile tikiti mbili za wakubwa. Wanaume na tikiti zao za watoto waende kwenye barge, ao warudi nyumbani. Na hata angesema tuingie wote mule, nani angeingia? Baba alale chumba kimoja na binti aliyekomaa, anayeenda kuolewa, na kaka yake pembeni, wanavua nguo mbele ya macho? Hayo kwetu hayafanyiki, hata kama nyumba inaungua.

Nikamushika mukono. "Lambert, tuende wote kwa barge. Mimi napajua. Tutajitafutia pahali pazuri."

"Hapana." Hakunitazama. "Georgette atashuka kwa ngazi ya kabini. Nilisema."

Akavua kofia, akashuka. Sijui kwa nini alivua kofia. Watu wa Belge walinyamaza kidogo, nikafikiri wamemuhurumia, kumbe walikuwa wanatafuta neno. Mumoja akapiga kelele, "Mundele-ndombe! Salon iko chini!" Na kicheko kikaanza upya. Nilitaka kumutupia kiatu. Georgette aliingia kabini, akajifungia, akakaa juu ya kile kitanda cha bata na kuficha uso.

Kati ya juu na chini waliweka mnyororo. Wa barge hawapandi, wa kabini hawashuki. Nilikuwa nasimama kwenye chuma cha pembeni, natazama chini, namuona. Désiré alizoea haraka, alikaa na watu, anakula chikwangue ya muhogo, anacheka. Baba yake alisimama. Siku ya kwanza yote alisimama, kravati shingoni, katikati ya mbuzi na vikapu, hataki kukaa. Nikimuita, ananigeuzia mugongo. Baadaye miguu ilikataa, akakaa juu ya pipa la mawese, na pipa lilikuwa linavuja.

Tulipopita Yanonge, pirogue za kwetu zilikuja mbio kushika masuwa, kuuza samaki. Kaka yangu Timothée alikuwa mule. Alikuwa amesikia habari za kabini, nani hakusikia? Akasimama ndani ya pirogue, anatazama juu, ameinua samaki mukubwa. "Shemeji Lambert! Toka tukuone!" Na shemeji alikuwa karibu yake kabisa, angeweza kumugusa, amejifunika uso kwa kofia kama mutu aliyelala. Nikamwambia Timothée shemeji anapumzika. Akacheka kwa furaha, akasema, "Kitanda kizuri, eh?" Nikasema ndiyo.

Siku ya kabla ya kufika, nikafikiri, huyu mutu hawezi kushuka Léo namna hii. Suti ilikuwa imekuwa nyekundu kwa mawese, nayo inanuka moshi wa samaki. Ndiyo, samaki! Harufu ile ile aliyoigawa kwa majirani. Nguo zake safi zilikuwa kwetu juu, ndani ya sanduku la bati la Georgette. Nikafunga shati nyeupe na suruali ndani ya kitambaa, nikafungia kamba, nikaanza kuteremusha. Lambert akanyoosha mikono. Kwa mara ya kwanza alinitazama. Na mimi, ninayefunga vikapu vya samaki tangu nikiwa mudogo, fundo likafunguka. Vyote vikaingia majini. Suruali ikazama, lakini shati ikajaa hewa, ikaenda inaogelea mbele yetu, mikono imefunguka.

"Chemise ya kabini inatangulia Léo!" watu wa barge wakapiga kelele, wanapiga makofi.

Lambert aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea. Mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa. Nililia mbele ya wazungu wa kabini, sikujali. Nilipoingia, Georgette aliniambia, "Mama, umeona? Mumefanya watu wanicheke tena." Binti alikuwa na hofu, na hofu inamufanya mutu muchoyo.

Tulifika Léo asubuhi. Tonton Nicolas alikuwa amesimama chini ya ngazi ya kabini, pale pale, ametega macho. Georgette akashuka wa kwanza, viatu vipya, shingo imenyooka, muzuri kabisa, hakuna wa kumurudisha. Mimi nilibaki nyuma, nimezuiwa na masista na mizigo yao, nimekwama juu ya ngazi. Lakini niliona yote, nilisikia yote.

Lambert alikuwa ametoka upande wa barge, Désiré bado yuko mule ndani anakusanya mizigo. Koti alikuwa amelivua kwa sababu ya uchafu, amebaki na singlet ya mawese, ndevu zimeota, nywele zimejaa vumbi. Mutumishi wa masuwa akatupa sanduku la Georgette chini, kwenye maji machafu. Lambert akakimbia, akalichukua, akalitia juu ya kichwa, lisilowe. Baba yeyote angefanya vile. Tonton Nicolas akamuzania ni mupagazi.

"We! Peleka kwa motokari ile pale. Na usikwaruze!" Kisha akamugeukia Georgette. "Na papa yako? Hakuja?"

Georgette akatazama baba yake. Walikuwa wamesimama karibu, uso kwa uso, yeye na lile sanduku lake juu ya kichwa cha baba.

"Papa alibaki Stan," akasema. "Kazi iko mingi."

Nikafungua mudomo nipige kelele, na hapo Lambert akainua macho, akanipata kule juu, akatikisa kichwa. Usiseme. Sanduku likatikisika pamoja na kichwa. Akamwambia Nicolas, "Oui, patron," na ile Français yake nzuri imemurudia sasa, kwa neno hilo. Akaenda nalo mpaka motokari. Nicolas akamutilia pesa mukononi. Lambert akafunga mukono.

Nilimusukuma sista wa watu, Mungu anisamehe, nikashuka mbio. Lakini mutu mwingine alinitangulia. Sébastien alikuwa anatoka kazini, anakimbia, kofia mukononi, anacheka kwa mbali. Akamuona Lambert, na kicheko kikakatika. Kwetu mukwe hamutazami baba wa bibi yake usoni, anasimama mbali na kuinamisha macho. Sébastien aliinamisha macho, lakini akasogea, akapiga magoti pale kwenye tope na suruali yake ya posta.

"Papa Lambert," akasema. "Pardon, Papa. Nimechelewa kuwapokea."

"Papa nani?" Nicolas akauliza.

"Papa ya Georgette, tonton."

Hakuna aliyejua atie uso wapi. Nicolas alikuwa anatazama mukono wake mwenyewe, ule uliotoa pesa. Lambert akamusogelea, akamunyooshea ile sarafu kwa mikono miwili, kama kwetu tunavyompa mukubwa kitu. "Tonton, hii iko yenu." Nicolas akaipokea, kwa sababu hakujua cha kufanya kingine. Georgette alikuwa amebaki pale pale chini ya ngazi, peke yake, na hakuna aliyemuita.

Ndoa ilifungwa. Ngazi, kabini, hakuna aliyezitaja tena. Nicolas alitoa suti yake bora, akamuvisha Lambert kwa mikono yake. Ilikuwa kubwa, mikono ya koti ilifunika vidole vyote. Bwana yangu akatoka uani, akakaa juu ya kiti, anasubiri tuende kanisani. Georgette akaja na robe yake nyeupe, akapiga magoti mbele yake. Alilia mpaka mabega yanaruka. Nilikuwa mulangoni, sikusogea.

Lambert alimutazama. Nilifikiri atamupiga, na sijui kama ningemuzuia.

"Wacha kulia," akasema, "utaharibu robe." Akamupangusa macho kwa ule mukono murefu wa koti la watu. "Kwa Stan nilimwambia ule muzungu, hawa ni watoto. Akaniita mwizi mbele ya watu wote." Akapangusa na jicho la pili. "Sasa umeona. Sikudanganya."